Mpira wa Kulalia Ng'ombe

Pikapu yangu ilikuwa haijawahi kubeba kitu kinachoumia. Hilo ndilo lililonikosesha raha tangu nilipofungua macho. Mawe hayaumii. Vyuma chakavu haviumii. Nimebeba kokoto, matofali, mageti, mitungi ya gesi, vyoo vipya na vyoo vilivyong'olewa, na hakuna hata kimoja kilichowahi kulalamika. Siku hiyo nilitakiwa kumbeba mama.

Mama aliteleza mlangoni mwa bafu akavunjika nyonga. Hospitali walimpasua, wakamwekea chuma, wakamshona. Sasa alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani, na muuguzi wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amenishika kiwiko siku iliyopita akanipeleka pembeni.

"Nisikilize vizuri, kaka. Hakai kwenye kiti cha gari. Hakunji nyonga. Analala chali, mto katikati ya miguu, vidole vya mguu vitazame juu. Mguu ukigeukia ndani, au miguu ikipishana, kile kichwa cha chuma kinachomoka. Kikichomoka tunamrudisha mezani. Na kwa umri wake, mimi sitaki kumwona mezani tena. Umenielewa?"

Nilimwuliza habari ya gari la wagonjwa.

"Letu linaleta watu," akasema. "Kurudisha ni kazi yenu."

Basi nikawa nazunguka pikapu uani kwangu, naingia, natoka, nafungua mlango wa nyuma, naufunga. Mke wangu alisimama barazani na kikombe.

"Kaa unywe chai."

"Naweza kunywa nikiwa nimesimama."

"Najua unaweza. Nimesema kaa."

Niliinywa nimesimama. Watu wananiita Siafu, na hawakunipa jina hilo kwa sababu nang'ata. Situlii. Harusini nakaa nje na madereva. Msibani nachota maji. Hata kanisani mchungaji ameshazoea kuniona nimeegemea nguzo ya nyuma karibu na mlango.

Dada yangu alifika wakati narudisha kikombe. Dada ni mkubwa wangu, anaendesha basi dogo la shule ya chekechea, na ana tabia ya kutazama kila kitu kama vile kuna mtoto atajigonga hapo. Aliinama nyuma ya pikapu, akapitisha kiganja kwenye bati la bodi. Bodi lile nilikuwa nimelipigisha mizigo kwa miaka. Lilikuwa na mabonde na vilima. Pale karibu na kabini, ambapo siku moja geti lilidondoka kwa ncha, bati lilichanika na kusimama kama jino la mbwa.

"Mama ndiye atalala hapa?"

"Kuna godoro."

"Godoro litachanika kabla hatujatoka getini. Siafu, hapa hata mbuzi atarudi kwa miguu."

"Sasa nifanye nini? Ninunue gari jingine?"

"Sijui. Gari ni lako. Hutaki mtu aliguse, basi lifikirie mwenyewe."

Hilo lilikuwa jiwe na lilirushwa makusudi. Ni kweli, usukani wa ile pikapu simpi mtu. Si dada, si mke wangu, si fundi anayetaka kuijaribu breki. Kama ni kujaribu, najaribu mimi, yeye anakaa pembeni ananiambia nikanyage lini.

Nikamwambia apande. Tukaenda kwa shemeji.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Ana duka la urembo wa magari na mtaani wanamwita Mng'aro, kwa sababu kila kinachotoka kwake kinang'aa, hata kama hakitembei. Tulimkuta anapuliza dashibodi ya mtu. Nilimweleza shida yangu. Hakuniacha nimalize.

"Shem! Shem wangu! Miaka mingapi nakwambia uvalishe hiyo bodi? Leo umekuja kwa miguu yako mwenyewe." Akaingia stoo akatoka anaburuta kitu cheusi, kikubwa, kimebinuka kingo. Lilikuwa beseni la plastiki la ukubwa wa bodi zima, la kutumbukiza ndani ya pikapu, lina kuta zake, lina sakafu yake, limefunika hata zile nundu mbili za magurudumu.

"Hili," akasema huku analigonga kwa kifundo cha kidole, "unalimwagia mafuta, unalimwagia rangi, unalitupia nyama mbichi, halishiki kitu. Unapuliza maji, kwisha. Mama atalala kama yai."

"Litaingia?"

"Likigoma tunalikata."

Liligoma, wakalikata. Mafundi wake waliligonga lile jino la bati kwa nyundo mpaka likalala, wakafagia kutu na mchanga, wakatoboa matundu chini ili maji yasikae katikati ya plastiki na bati, kisha wakalitumbukiza na kulikaza kwa bolti. Muda wote huo mimi nilikuwa naenda hadi barabarani, natazama mawingu, narudi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilikuwa na turubai, lakini turubai linafunika mtu vipi bila kumziba pumzi?

"Shem, unanitia kizunguzungu," Mng'aro akalalamika. "Hata bolti zinaogopa."

"Kaza."

"Nakaza."

"Kaza haraka."

Walipomaliza, sitasema uongo, lilipendeza. Bodi langu lilikuwa jeusi, laini, halina hata kovu. Nilisikia kama nimenunua gari upya. Tukaweka godoro, lile la mama mwenyewe tuliloling'oa kitandani kwake, na dada akasimama pembeni na mikono kiunoni.

"Hilo beseni ni laini sana," akasema.

"Ulitaka liwe na miiba?"

"Nimesema ni laini sana. Wekeni mtu mwendeshe kwanza."

Mng'aro alicheka kwa sauti. Alivua viatu vyake vya ncha kali, akaomba asaidiwe kupanda, maana si mtu mdogo, akajilaza chali juu ya godoro na kukunja mikono kifuani kama mfalme.

"Twende," akasema. "Mimi ndiye mama. Mniendeshe kwa heshima."

Nikaingia kwenye usukani. Mtaa wa Mng'aro una tuta moja tu, na mbele yake kidogo kuna njia panda. Tuta nililipanda taratibu. Nikasikia kitu kinapita nyuma yangu, shwaaa, kisha kishindo kwenye mlango wa nyuma. Nikashtuka, nikakanyaga breki. Sauti ile ile ikarudi, sasa inakuja kwangu, na kabini nzima ikatikisika.

Nilishuka mbio. Godoro lilikuwa limejikunja mbele, na Mng'aro amesimama kichwa chini miguu juu ndani ya beseni lake, soksi zake zinatazama mawingu.

"Nitoe," akasema.

"Vipi, shem, umelala kama yai?"

"Siafu, nitoe kwanza halafu utanicheka."

Dada hakucheka. Alikuwa amefika anahema, akanitazama mimi, si yeye.

"Huyo angekuwa mama," akasema.

Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Kama yule angekuwa mama, ule mguu ungepinda pale kwenye mlango wa nyuma, na kama usingepinda pale, ungepinda ukutani kwa kabini. Ningemtoa hospitali na kumrudisha hospitali kabla godoro halijapata joto. Mama alivunjika kwa kuteleza hatua moja kwenye sakafu yenye maji. Mimi nilikuwa nimemnunulia sakafu ya kuteleza yenye magurudumu manne.

Tukajaribu kufunga godoro kwa kamba. Kamba zilikandamiza kingo na kuinua katikati, na dada alisema hatukuja kufunga mzigo wa mitumba. Tukajaribu blanketi chini yake. Blanketi na godoro viliondoka pamoja kama marafiki. Mng'aro, huku amejishika nundu iliyokuwa inaota kwenye paji la uso, alipendekeza tumwage mchanga.

"Mchanga, juu ya plastiki," nikamwambia, "ndiyo njia ya kwenda kaburini kwa kuteleza."

"Basi shem, toa hili beseni, rudi kwenye bati lako."

"Na lile jino?"

Mimi nilikuwa nazunguka gari tena. Hospitali walisema mchana mama atakuwa tayari, na mchana ulishafika. Nilimfikiria amelala pale kitandani, mfuko wake wa nguo umeshafungwa, anatazama mlango. Mama naye hapendi kusubiri. Siafu wa kwanza kwetu si mimi.

Ilikuwa ni wakati nazunguka mara ya sijui ngapi ndipo nilipomkumbuka Mama Maziwa.

Mama Maziwa ana ng'ombe wachache nyuma ya nyumba yake, nami humpelekea majani makavu. Zizi lake lina sakafu ya saruji iliyolainishwa na kwato na mikojo, na ng'ombe mmoja mwenye magoti mabovu hulala juu ya mikeka mizito ya mpira, mweusi, wenye vichuguu vidogo chini yake. Nilishawahi kumwona yule ng'ombe akiinuka. Ng'ombe anapoinuka hutupa uzito wote mbele kwa kishindo. Ule mpira haukusogea hata unyoya.

"Pandeni," nikasema.

Mama Maziwa alitukuta sisi kabla hatujamkuta, maana alisikia mlio wa gari akatoka na ndoo mkononi na mabuti yake ya mvua.

"Sijaagiza majani leo."

"Sikuleta. Nimekuja kuchukua."

"Kuchukua nini kwangu, wewe?"

"Mpira wa yule ng'ombe wa magoti."

Akaweka ndoo chini. Dada akaona nitaharibu, akasogea, akamsalimia vizuri, akamweleza habari ya mama, nyonga, muuguzi, godoro na jinsi shemeji alivyosimama kwa kichwa. Mama Maziwa alicheka pale pa shemeji, akaacha kucheka pale pa mama.

"Mama yenu namfahamu," akasema. "Ndiye aliyeniambia maziwa yangu yana maji."

"Ndiye huyo."

"Hayakuwa na maji."

"Tutamwambia."

Akatutangulia zizini. Yule ng'ombe alikuwa amelala juu ya mpira, anatafuna, macho yamefumba nusu. Mama Maziwa alimpiga kofi la kiuno, akamsukuma mpaka akasimama kwa shida, akamvuta pembeni.

"Nawaazima. Lakini mnisikilize. Jua likianza kushuka huyu atataka kulala. Akilala kwenye saruji magoti yanavimba. Yakivimba kesho hasimami. Asiposimama hali. Asipokula mimi sina maziwa, na mama yenu atakuwa na sababu ya kunisema. Jioni mpira uwe hapa."

"Utakuwa hapa."

"Na usiukate. Nakujua, wewe ni mtu wa kukata."

Nilidhani nitabeba mkeka mmoja begani. Niliinua pembe tu, mgongo ukanisemesha. Tuliburuta wote watatu, mimi, dada, na Mng'aro aliyekuja nyuma kwa sababu, kama alivyosema, biashara yake ilikuwa imetiwa aibu na alitaka kuona mwisho. Tuliisugua kwa sabuni na fagio gumu bombani mpaka maji yakatoka karibu meupe. Harufu haikutoka. Ng'ombe alikuwa ameshaingia ndani ya ule mpira kama moshi unavyoingia kwenye koti.

Mikeka miwili ikajaza sakafu ya beseni isipokuwa ukanda mwembamba pembeni. Vile vichuguu vya chini vilibana plastiki. Nilisimama juu yake nikasukuma kwa miguu, nikasukuma kwa mabega. Haikwenda. Godoro likawekwa juu, nalo likakamatwa. Nikapakia magunia mawili ya mchanga kwenye pembe za nyuma, kwa sababu pikapu tupu inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, springi zinataka uzito ndipo zilainike. Nikapunguza upepo kwenye matairi.

"Nani analala sasa?" nikauliza.

"Mimi nimeshafanya zamu yangu," Mng'aro akasema.

Dada akapanda. Niliendesha hadi mwisho wa barabara ya vumbi na kurudi, nikapita kwenye makunyanzi ya barabara, nikafunga breki kidogo kwa makusudi. Niliposhuka alikuwa amelala pale pale nilipomwacha, lakini uso umekunjamana.

"Haisogei," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Haisogei, lakini unaendesha kama umeiba."

"Nilienda polepole!"

"Polepole ya huko mbele siyo polepole ya huku nyuma. Wewe hujawahi kukaa huku. Hujui kukoje."

Nilitaka kwenda.

Walimtoa mama kwa machela kupitia mlango wa nyuma ya wodi. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kilemba kilichofungwa na mtu asiyejua kufunga. Alikuwa amepungua. Lakini sauti ilikuwa ni ile ile.

"Nilidhani mmehama mji."

"Tulikuwa tunatengeneza gari, mama."

"Siku nzima? Gari au meli?" Walipomsogeza karibu na mlango wa nyuma, pua yake ikacheza. "Nani kaja na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe, mama," dada akasema.

"Mimi nimevunjika nyonga, sijavunjika pua."

Yule muuguzi mfupi alipanda bodini mwenyewe. Akaruka ruka juu ya mpira kama mtoto. Akalivuta godoro kwa mikono miwili, likakataa. Akakuna kidevu.

"Hii iko vizuri," akasema. "Nani anashika mguu?"

"Mguu?"

"Barabara itautikisa, kaka. Mto peke yake hautoshi. Mtu analala pembeni yake, mkono mmoja juu ya goti, mkono mmoja kwenye kifundo. Vidole vitazame juu, njia nzima. Haachii."

"Dada atashika," nikasema.

"Hapana," mama akasema kutoka kwenye machela. "Siafu atashika."

"Mama, mimi ndiye dereva."

"Dada yako ni nani? Mpishi? Kila siku anabeba watoto wa watu wanaotapikiana."

"Mama, gari hili halijui. Gia ya pili inataka kubembelezwa, klachi iko juu..."

"Nikuambie kitakachotokea?" Mama alinyanyua kidole kimoja. "Wewe ukiwa mbele na mimi niko huku, utageuka kunitazama kila mahali. Utageuka kwenye tuta, utageuka kwenye kona. Utatuingiza mtaroni huku unaniuliza kama niko salama. Njoo hapa nikuone."

Muuguzi aliangua kicheko. Wale wabeba machela pia. Dada alinyoosha kiganja, na mimi nilitoa funguo mfukoni kama mtu anayetolewa jino.

Tulimhamisha mama kwa shuka, watu wanne, muuguzi ameshika mguu. Nikajilaza ubavu kwenye ule ukanda mwembamba kati ya godoro na ukuta wa beseni, magoti yamegonga nundu ya gurudumu, mkono mmoja juu ya goti la mama, mwingine kwenye kifundo cha mguu. Mguu ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Mng'aro alipanda mbele na dada, turubai mapajani, tayari kwa mvua.

Dada akawasha. Gia ya kwanza ikakwaruza.

"Klachi!" nikapiga kelele. "Kanyaga yote!"

"Siafu," mama akasema.

"Mama, ataiua gia."

"Nyamaza."

Lami ilikuwa nafuu. Lakini hata lami, kumbe, ina vitu. Mimi nimepita barabara ile maisha yangu yote na sikujua kwamba pale mbele ya kituo cha mafuta kuna kiraka, na baada ya kiraka kuna kiraka juu ya kiraka. Kila kimoja kilipanda kupitia matairi, kikapita kwenye bati, kwenye plastiki, kwenye ubavu wangu. Kwenye godoro kilifika kimekufa. Nilikuwa natazama vidole vya mama. Vilitikisika lakini vilitazama juu.

Tulipoacha lami mama alifunga macho na kukaza midomo. Makunyanzi yakaanza. Dada alishuka hadi mwendo wa mtu anayefuata jeneza, na bado meno yangu yaligongana. Mguu wa mama ukataka kuzunguka. Niliusikia ukianza, taratibu, kama mlango ambao haukufungwa vizuri, unaingia ndani. Nikaushika kwa nguvu.

"Unaniumiza," mama akasema.

"Samahani."

"Usiachie. Nimesema tu unaniumiza."

Bega langu likaanza kuwaka, kisha likafa ganzi, kisha paja likafuata. Kuna kitu kilikuwa kinatembea shingoni mwangu, sijui inzi sijui jasho, na sikuwa na mkono wa kukifukuza. Mwili wangu mzima ulikuwa unaomba kusogea. Niliutaka usukani. Niliutaka mguu wangu kwenye breki yangu. Niliitaka hata ile gia ya pili inayokataa.

"Ulipokuwa mdogo," mama akasema bila kufungua macho, "nilikuwa nikikufunga mgongoni nakwenda kazini. Unanipiga teke njia nzima. Huku ubavuni. Nafika nimechoka kabla ya kazi. Watu wananiuliza, umebeba mtoto au mashine ya kusaga?"

"Mama, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Bado nakudai."

Alianza kucheka yeye mwenyewe, na kucheka kukamwuma, akasema "aah, aah, mjinga wewe" huku amenishika kichwa kwa kiganja. Mguu ukaruka mkononi mwangu. Nikaung'ang'ania.

Kisha gari likasimama.

Nilijua tuko wapi bila kuona. Ni pale kalvati la maji lilipobomoka, ambapo barabara inashuka ghafla na kupanda ghafla. Mimi pale hupita kwa kasi kidogo, nadunda mara moja, mzigo unaruka, unatua, tunaendelea. Nilisikia mlango wa mbele unafunguka. Nikasikia hatua za dada zikienda mbele, zikisimama, zikienda upande, zikirudi. Aliinama kwetu.

"Nitapita kimshazari," akasema. "Gurudumu moja moja. Itainama upande wako, Siafu. Mama atakuja kwako."

"Mwache aje."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Pikapu ilishuka gurudumu moja. Bodi likainama, na uzito wote wa mama, ule mdogo uliobaki, ukaniegemea. Mpira haukusogea. Godoro halikusogea. Mimi ndiye niliyekuwa ukuta wa mwisho, na nyuma yangu kulikuwa na lile beseni linaloteleza, limebana mgongo wangu, na nikakaza tumbo, nikakaza miguu dhidi ya nundu ya gurudumu, nikashika kile kifundo kana kwamba ni ufunguo wa nyumba. Gurudumu la pili. La tatu. Mvua ikadondosha matone makubwa machache usoni kwangu, ikaghairi. La nne. Tukanyooka.

Nilitazama vidole. Juu.

"Mama?"

Macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Mama!"

"Mtu halali?" akasema.

Kutoka pale hadi nyumbani hakusema tena. Nilimwita mara moja nyingine kwa sauti ya chini na hakujibu, lakini nilimwona akipumua, mdomo wazi kidogo, kile kilemba kibovu kimeangukia sikioni. Dada aliingia getini bila kugusa nguzo hata moja, jambo ambalo mimi siwezi kulisema juu yangu. Akazima injini.

Mke wangu alitoka ameshakunja mikono ya gauni, na majirani wawili wa kubeba. Mng'aro alifungua mlango wa nyuma kwa uangalifu wa mtu anayejua ulivyo mgumu.

"Haya, tumshushe," akasema.

"Amelala," nikanong'ona.

"Tumwamshe."

"Ujaribu," dada akasema. "Kule wodini hajalala tangu alazwe. Kitanda cha pili kuna mtu analia mchana na usiku. Mwacheni kidogo."

Basi wakamwacha. Wakasimama wote uani wanatazama ndani ya pikapu, na mimi nimelala mle ubavu mmoja, siusikii mkono wangu, lakini nauona bado uko pale kwenye kifundo. Mke wangu alikuja na kikombe cha chai. Aliona sina mkono. Akainama, akaniinua kichwa, akaninywesha kama mgonjwa.

"Leo umekunywa umelala," akasema.

"Nyamaza, ataamka."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa la jirani ndipo nikasikia mabuti ya mvua kwenye kokoto za getini. Mama Maziwa aliingia anahema, kitambaa mkononi, uso wa mtu aliyekuja kuchukua chake. Akafika kwenye mlango wa nyuma. Akaona mama, akaona godoro, akaona pembe ya mpira wake ikichungulia chini. Akaniona mimi.

"Na wewe unafanya nini humo?"

"Nimeshika mguu."

"Jua linashuka."

"Naliona."

Alimtazama mama kwa muda mrefu, yule aliyemwambia maziwa yana maji. Mama akakoroma kidogo, kama anayemjibu.

"Yule ng'ombe atasimama," Mama Maziwa akasema hatimaye. "Kwa leo atasimama kidogo."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza. Akainuka, akaenda getini, akatazama upande wa kwake, akarudi. Akakaa. Akainuka tena. Mke wangu akamletea chai naye akainywa amesimama, anazunguka ile pikapu, anatazama jua, ananitazama mimi. Mimi sikusogea. Vidole vya mama vilikuwa vinatazama juu.